Nia njema na mavazi ya zarau

Wengi wanasema: mchezo wa watoto hauna kosa, kwani hakuna aliyenuia kuzarau mtu. Sisi tunajibu kwa mfano wa Uholanzi.

Kule, katika masomo, sikukuu ya Mtakatifu Nikola huchezwa pamoja na mtumishi wake, aliyeingia katika kitabu cha Jan Schenkman mwaka 1850. Wazungu walijipaka uso rangi nyeusi na midomo rangi nyekundu, wakagawa pipi, wote wakacheka. Nia ilikuwa furaha tu. Lakini watoto weusi waliitwa na wenzao kwa jina la mtumishi yule. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa yenye kupinga ubaguzi wa rangi ilishauri kuondoa mambo ya zarau katika sura hiyo. Mwaka 2020 Mark Rutte, Waziri wa Kwanza wa wakati ule, alisema kwamba mawazo yake yamebadilika, kisha kusikia uchungu wa watoto weusi.

Tulifunzwa katika seminari kubwa: asiyeweza kujua hana hatia. Ni kweli. Lakini nia njema humtetea mtu, haigeuzi kitendo kibaya kuwa chema. Na aliyekwisha kuambiwa hawezi kusema tena kwamba hajui. Mtume Paulo hakuona zambi katika nyama yenyewe, walakini alikuwa tayari kuiacha kwa ajili ya ndugu mzaifu.

Basi, ndugu wa Kirumba, tusiwahukumu Waholanzi peke yao. Tukimvika mtoto majani ili aigize Mbuti na watu wacheke, tofauti ni nini? Walimu na wakatekista, mbele ya kugawa mavazi, mumfikiri mtoto Mbuti anayekaa katika kalasi hiyo.