Pointi Mbili za Vinesh Phogat

Ushindi wa Vinesh Phogat wa India dhidi ya Yui Susaki wa Japani, katika mieleka ya mtindo huru ya kilo 50, Olimpiki ya Paris, tarehe 6 Agosti 2024, umeitwa bahati ya sekunde za mwisho. Siafiki. Susaki alikuwa ameshinda mapambano 82 ya kimataifa bila kupoteza hata moja, na dhahabu yake ya Tokyo aliipata bila kutoa pointi. Silaha yake ni kuichomokea miguu ya mpinzani kwa kasi. Vinesh, aliyeshuka kutoka kilo 53, aliiziba njia hiyo kwa mikono: alimshika viganja, akamsukuma, miguu yake akaiweka nyuma. Sheria humwadhibu asiyeshambulia: hupewa sekunde 30, zikiisha bila mtu kufunga, mpinzani anapata pointi moja. Ilimtokea Vinesh mara moja katika kila kipindi cha dakika tatu, ikawa 0–2. Hata hivyo, pointi zikilingana, aliyefunga kwa tendo lenye thamani kubwa zaidi ndiye mshindi, na kumwangusha mtu ni pointi mbili kwa mpigo. Vinesh alihitaji mwanya mmoja tu. Aliupata muda ukiyoyoma, ikawa 2–2. Wajapani wakapinga uamuzi, rufaa ikakataliwa, na Vinesh akaongezewa moja.

Atasema mtu kwamba huo ni uchezaji wa woga, na kwamba pointi moja zaidi kwa Susaki ingemzika. Ni kweli ingemzika, lakini kumvamia Susaki mapema ni kumkabidhi miguu. Hoja nzito zaidi ni mizani: kesho yake Vinesh alizidi uzito kwa gramu 100, akaondolewa kabla ya fainali. Hapo nakubali, maana mwili uliomsaidia kumzuia Susaki ndio uliogoma kushuka.

Ulinzi huo unafundishika hata shuleni. Mwalimu wa michezo wa Manyoni, Tanzania, anayetaka kuanzisha mieleka ataambiwa kwanza atafute ulingo laini wa mita 12 kwa 12. Kwa kurushana, asubiri kweli, shingo za watoto si za kujaribia. Ila karibu yote aliyoyafanya Vinesh hufundishwa watu wakiwa wamesimama, hata kwenye mchanga wa uwanja wa shule: wanafunzi wawili washikane viganja dakika tatu, mmoja akiilinda miguu yake, wa tatu akihesabu sekunde 30 kwa sauti.