Suala la Nafsineni katika Upokezi wa Albamu ya Berlin

Lou Reed alipotoa albamu ya Berlin mwaka 1973, wahakiki wengi wa Marekani waliibeza, ingawa hawakukosekana walioisifu. Jarida la Rolling Stone liliishutumu vikali. Mwaka 2003 jarida hilo hilo liliiorodhesha miongoni mwa albamu 500 bora za nyakati zote. Kwa kuwa nyimbo zake kumi ni zile zile, chanzo cha mabadiliko haya hakina budi kutafutwa kwa hadhira.

Hans Robert Jauss, mwananadharia wa upokezi, anashikilia kuwa kila kazi hupimwa kwa upeo wa matarajio wa hadhira yake. Upeo wa 1973 ulikuwa umewekwa na Transformer (1972), albamu iliyompa Reed umaarufu. Waliotarajia mwendelezo wake walikabidhiwa tanzia: Caroline na Jim, wapenzi katika jiji la Berlin, wanaangamizana kwa dawa za kulevya na kipigo, Caroline anapokonywa watoto wake, na hatimaye anajiua.

Hata hivyo, matarajio pekee hayatoshi kueleza ukali wa shutuma zile, ambazo ziliwalenga wasanii wenyewe. Hapa pana mkanganyiko wa nafsineni na mtunzi. Katika "The Kids", msimulizi anaeleza jinsi Caroline alivyonyang'anywa watoto, kisha anakiri kuwa hali hiyo inamfurahisha. Ndipo vinaposikika vilio vya watoto wakimwita mama yao. Katika "Sad Song", wimbo wa mwisho, okestra na kwaya vinapaa kwa utamu ilhali maneno ya mwanamume hayana chembe ya majuto. Anayefuata maneno peke yake atadhani ukatili unatetewa. Anayesikiliza na muziki atang'amua kinaya: muziki unaomboleza pale msimulizi anapokataa kuomboleza, na kwa hivyo unamshtaki.

Sifa za baadaye nazo zina hatari yake. Nyimbo mbili zina anwani zinazodai kuwa Caroline anasema, lakini usemi wake unatufikia kupitia kinywa cha mwanamume. Kinaya kinamhukumu msimulizi bila kumrejeshea mwanamke sauti yake. Uhakiki unaoikweza Berlin leo bila kulikabili pengo hili utakuwa umesikiliza nusu tu ya kazi, kama walivyofanya walioibeza.