Asiye na Usemi: Mgongano wa Rai za Watazamaji Juu ya "Restless"

Kazi ya sanaa inayopendwa na wengi haipendwi na wote kwa sababu moja, na aghalabu ubishi mkali zaidi huzuka baina ya wale wale waipendao. Ndivyo ilivyo kwa "Restless", sehemu ya mwisho ya mwaka wa nne wa Buffy the Vampire Slayer, mfululizo wa televisheni wa Kimarekani uliochanganya mambo ya ajabu, vitisho na maisha ya kila siku ya vijana. Sehemu hiyo iliandikwa na kuongozwa na Joss Whedon, mwanzilishi wa mfululizo wenyewe, na ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 23 Mei, 2000. Tangu wakati huo wapo wanaoihesabu miongoni mwa sehemu bora kabisa kati ya zote 144, na wapo wanaoiruka kila waurudiapo mfululizo. Rai hizo mbili zimejadiliwa hadi zikachakaa. Iko rai ya tatu, iliyosikika kwa sauti ndogo zaidi, ambayo kwa msomi wa lugha ndiyo yenye uzito: inahusu mwanamke mweusi wa zama za kale ambaye, kwa kinywa cha mtu mwingine, anatangaza kwamba hana usemi.

Yafaa kisa kielezwe kwa ufupi kwa ajili ya asiyekijua. Buffy Summers ni msichana aliyeteuliwa na majaaliwa kupigana na wanyonyadamu na mashetani. Cheo chake ni Mwuaji, na kabla yake walikuwapo Wauaji wengi, mmoja baada ya mwingine. Katika sehemu iliyotangulia, "Primeval", iliyoonyeshwa tarehe 16 Mei, 2000, Buffy na wenziwe watatu wanamshinda adui wao Adam kwa kuunganisha nguvu zao katika uganga mmoja: Willow akiwa roho, Xander moyo, mzee Giles akili, na Buffy mwenyewe mkono. Uganga huo unaita nguvu ya Wauaji wote tangu asili. Baada ya ushindi wanaketi nyumbani kwa mama yake Buffy kutazama filamu za kanda, na usingizi unawachukua wote wanne. Kila mmoja anaota ndoto yake, na katika kila ndoto yumo kiumbe anayewinda. Willow ananyonywa pumzi, Xander anang'olewa moyo, Giles anakatwa kichwani. Kiumbe huyo ni Mwuaji wa Kwanza, aliyeigizwa na Sharon Ferguson.

Wasioipenda sehemu hii wana hoja moja kubwa, nayo ni ya msuko. Vita vilikwisha juma lililopita, adui amekufa, mtazamaji aliyengoja mwaka mzima anapewa, badala ya kilele, usingizi. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani mfululizo wenyewe ndio uliomzoeza mtazamaji kufunga mwaka kwa pambano. Hata hivyo inachukulia kwamba kilele cha kisa lazima kiwe ngumi. Katika "Restless" kila mhusika anakabiliwa na hofu ambayo ushindi wa juma lililopita haukuigusa: Willow anaogopa kuvuliwa nguo zake za sasa na kuonekana yule yule msichana mnyonge wa shule, naye Xander, apite mlango gani, anajikuta amerudi katika chumba cha chini ya nyumba ya wazazi wake. Hilo ni pambano, na kwa baadhi ya wahusika ni gumu kuliko lile la Adam.

Waipendao husifu fani yake, na hapo hawakosei. Ndoto hapa hazikufanywa kuwa mafumbo yaliyopangwa vizuri kama mizani ya shairi; zinakwenda kama ndoto ziendavyo, mahali pakiungana na mahali bila sababu, mzaha ukigeuka hofu kabla mtu hajamaliza kucheka. Zaidi ya fani, husifu utabiri. Tara, mpenzi wa Willow, anamwonya Buffy arudi kabla ya alfajiri, na katika vuli ya mwaka ule ule anatokea mdogo wake Buffy ambaye jina lake, Dawn, maana yake ni alfajiri. Saa inaonyesha saba na nusu kwa hesabu ya Kizungu, yaani 7:30, na mashabiki wakakumbuka kwamba siku 730 ni miaka miwili.

Furaha ya kutegua vitendawili imezaa kasoro yake. Katika ndoto zote nne anapita mtu mwenye vipande vya jibini, akisema maneno yasiyoeleweka juu ya jibini lake. Whedon ametamka wazi kwamba mtu huyo hana maana yoyote. Aliwekwa kwa sababu ndoto huwa na kitu kisicho na maana. Tamko hilo halikuwazuia mashabiki kumtafutia maana. Kitendawili kikiisha kuteguliwa husahauliwa, na msomaji anayeshughulika na jibini na saa anaweza kufika mwisho wa sehemu hii bila kuuliza swali lililo dhahiri kuliko yote: huyu mwanamke anataka nini?

Swali hilo linahitaji kwanza hesabu ya lugha. Katika "Primeval" maneno ya uganga hutamkwa kwa Kisumeri, lugha ya kale ya Mesopotamia, na ujuzi wa lugha wa Giles ndio unaohitajika ili uganga ufanye kazi. Katika ndoto ya Willow, Willow anaandika juu ya mgongo wa Tara shairi la Sappho kwa herufi za Kigiriki. Katika ndoto ya Xander, Giles anajaribu kumweleza jambo kubwa, lakini ghafla maneno yake yanakuwa Kifaransa na Xander haambulii kitu. Kisumeri basi ni cha ibada, Kigiriki ni cha mapenzi, Kifaransa ni cha fadhaa. Hata pale mtu asipoielewa lugha, ni lugha kamili. Upungufu ni wa msikilizaji. Anapofika yule ambaye nguvu zote zilitoka kwake, hapewi lugha ngeni, wala ya kale, wala ya kubuni. Hapewi yoyote. Sehemu yenyewe haitaji nchi yake, lakini kwa uso uliopakwa rangi nyeupe, nywele za kusokotwa na jangwa linalomzunguka, watazamaji kwa jumla wamemchukua kuwa mtu wa Afrika.

Kuna dokezo ndani ya kisa ambalo watetezi wake hawajalitumia vya kutosha, na wapinzani pia. Miongoni mwa filamu alizoleta Xander imo Apocalypse Now, ya mwaka 1979, na Willow analalamika akitaka kitu kisichonuka Heart of Darkness kiasi hicho. Baadaye, katika ndoto yake, Xander anapelekwa mbele ya mwalimu mkuu wa zamani aliyeketi gizani kama Kurtz wa filamu hiyo. Mtunzi basi anajua vyema ni mlango gani alioufungua. Ni katika kukihakiki kitabu hicho cha Conrad kwamba Chinua Achebe, katika mhadhara alioutoa mwaka 1975 huko Amherst, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1977, alionyesha jinsi Waafrika wa Conrad walivyonyimwa lugha, wakabakiwa na sauti zisizo maneno; na pale wachache wao waliporuhusiwa kusema, Kiingereza chao kilikuwa cha kukatika-katika.

Sasa itazamwe ndoto ya Buffy. Yumo jangwani. Mbele yake yuko Tara, amevaa vazi la kigeni, na nyuma anatambaa yule mwanamke. Tara anaeleza kwamba ipo haja ya mtu wa kumsemea. Buffy hataki mkalimani. Anadai mwanamke huyo afanywe aseme mwenyewe. Jibu linatoka kwa Tara, katika nafsi ya kwanza: hana usemi, hana jina, maisha yake ni tendo la kuua, naye yu peke yake. Buffy anakanusha kwamba yeye yu peke yake na kuanza kujigamba: yeye hutembea, huongea, huenda madukani, jangwani kumeota miti tangu mwenzake alipohama, wala yeye halali juu ya kitanda cha mifupa. Ndipo mwanamke anapofungua kinywa chake mwenyewe, kwa shida, neno moja moja: hakuna marafiki, ni kuua tu, wao wako peke yao.

Wapo watazamaji waliokerwa na mandhari hii wakaiita ubaguzi mtupu: weusi ni ukale, weupe ni maendeleo, na jangwa hustawi mwenyewe akiisha kuondoka. Hawakulizua jambo hili. Mwaka 2002 Lynne Edwards alichapisha makala juu ya Kendra, Mwuaji mweusi aliyeletwa mwaka 1997 na kuuawa mwaka 1998, na swali la nafasi ya watu weusi katika mfululizo huu lilikwisha kuwa mezani pa wahakiki. Wengine wamejibu kwamba mandhari yote ni ndoto ya Buffy. Picha ya mwanamke huyo ni picha iliyomo kichwani mwa msichana wa California, na mtunzi hawezi kulaumiwa kwa akili ya mhusika wake. Jibu hili lina nguvu kwa Xander na Giles, ambao ndoto zao ni zao peke yao. Kwa Mwuaji wa Kwanza lina udhaifu: yeye si picha tu. Yeye yule yule ameingia katika ndoto nne za watu wanne, na wanapoamka Giles anakiri kwamba uganga wao ndio uliomkasirisha mwenye asili ya nguvu ile. Kisa chenyewe kinasema yuko.

Na akiwa yuko, ana dai. Nguvu yake iliitwa na kutumiwa na watu wanne, watatu kati yao wasio Wauaji, bila yeye kuulizwa. Hapa ndipo msomaji aliyelelewa pwani ya Afrika ya Mashariki anapoweza kuona jambo lililowapita wengi. Katika kupunga pepo, mwenye kupandwa huitwa kiti. Pepo hukaa juu yake na kusema kwa kinywa chake. Tara jangwani ni kiti, na kwa mila hiyo hakuna aibu katika kusema kwa kinywa cha mwingine. Aliyekosekana ni fundi. Fundi wa pepo huuliza kwanza jina la pepo, kisha huuliza anataka nini, na haja yake husikilizwa, hata ikibidi ibishaniwe. Buffy anauliza wako wapi marafiki zake, na Tara anamwambia wazi kwamba hayo siyo maswali ya kuulizwa. Swali linalopasa haliulizwi mpaka sehemu inakwisha. Kwa hiyo waliolaumu ukimya wa mwanamke huyu wamelenga karibu na shabaha bila kuipiga. Kosa liko katika wale walioamka hai kutoka ndotoni pasipo hata mmoja wao kudhani kwamba anadaiwa kitu.

Anavyoshindwa ni ushahidi wa kutosha. Buffy hampigi hadi kumshinda, anampuuza. Kisu kinapanda na kushuka juu ya kifua chake, naye anamwambia kwa uchovu kwamba yeye siye chimbuko lake, kisha anamshauri juu ya utunzaji wa nywele zake, afikirie atakavyoonekana kazini. Watazamaji wengi huusimulia mzaha huu kwa furaha, na kwa muktadha wa ndoto una ujanja wake, maana vitisho hufa vinapochekwa. Lakini msichana yeyote mweusi aliyepata kurudishwa nyumbani kutoka shuleni au kazini kwa sababu ya nywele zake atausikia kwa sikio jingine, na hakuna nadharia ya ndoto itakayomziba sikio hilo.

Watetezi hodari zaidi husema kwamba mfululizo ulijisahihisha. Katika "Intervention", ya tarehe 24 Aprili, 2001, kiongozi wa kiroho anamtokea Buffy jangwani kwa umbo la Mwuaji wa Kwanza na kusema kwa sentensi kamili, zenye hekima, juu ya upendo na mauti. Ni kweli, na maneno yake ndiyo yanayoelekeza mwisho wa mwaka ule wa tano. Ila yule ni kiongozi aliyevaa umbo. Mwenye umbo hakuja. Katika "Get It Done", ya tarehe 18 Februari, 2003, jambo linakuwa zito zaidi, kwa kuwa inafichuliwa kwamba Mwuaji wa Kwanza alikuwa msichana aliyefungwa minyororo na wanaume wa kale, wakamtia nguvu ya shetani kwa lazima. Buffy anakutana na wanaume hao, nao wanajaribu kumtenda vivyo hivyo, na anakataa kwa hasira inayostahili kusifiwa. Wale waliomwona mwanamke wa jangwani kuwa mnyama tu walilazimika kumtazama upya: ule upweke aliodai kuwa ndio asili ya Wauaji ulikuwa jeraha alilotiwa. Wanaume wanapata nafasi ya kujieleza na kujitetea. Mwenye jeraha anaonekana mwanzoni mwa sehemu hiyo, ndotoni, amemkaribia Buffy uso kwa uso, na anaruhusiwa kusema jambo moja tu, kwamba haitoshi. Na mashabiki wangali wakibishana ni kitu gani kisichotosha.