Riwaya Katika Televisheni: Tafsiri au Utohozi?

Inapotokea tamthilia ya televisheni iliyotengenezwa kutokana na riwaya mashuhuri, waandishi wetu hawakubaliani juu ya neno la kulitaja jambo hilo. Mmoja husema riwaya "imetafsiriwa" kuwa mchezo, mwingine husema "imegeuzwa", na wa tatu, kwa kukwepa taabu, husema tu kwamba mchezo "unatokana na" kitabu fulani. Yamkini msomaji atadhani kuwa huu ni ubishi wa maneno matupu. Sisi hatuoni hivyo. Mtu anayeamini kuwa ametazama tafsiri atadai uaminifu wa tafsiri: kila kilichopunguzwa atakiita wizi, na kila kilichoongezwa atakiita uzushi. Uhakiki mwingi wa tamthilia za namna hii hukwama hapo hapo.

Neno tunalolipendekeza ni kutohoa. Tunajua kwamba wanaisimu wamekwisha kulitwaa kwa ajili ya maneno ya mkopo, na wako wanaotaka libaki kwao peke yao. Lakini hebu tutazame utohozi wa maneno hufanya kazi gani. Kiswahili kilipolipokea neno "kitabu" kutoka Kiarabu, hakikulieleza maana yake kwa maneno mengine, kama afanyavyo mfasiri. Kilililichukua lenyewe, kikaliingiza nyumbani, kikalitawaza chini ya sheria zake: sehemu ya kwanza ya shina ikafanywa kiambishi, tukapata "vitabu", jambo ambalo hakuna Mwarabu angelikubali. Vivyo hivyo "kilabu", neno la Kiingereza ambalo kwanza lilitiwa irabu mbili lisizokuwa nazo, kisha likapata wingi wa "vilabu". Irabu hizo si makosa wala si mapambo. Zimedaiwa na sheria za lugha inayopokea.

Sasa tuchukue riwaya ya Charles Dickens, Bleak House, iliyotolewa kwa sehemu za kila mwezi kuanzia Machi 1852 hadi Septemba 1853. Kiini chake ni kesi ya mirathi katika mahakama ya London, iliyodumu muda mrefu hata gharama zake zikaimeza mali yote iliyokuwa ikigombewa. Kati ya tamthilia ambazo BBC imezitoa kutokana na riwaya hiyo, mbili zinafaa kulinganishwa: ile ya 1985, iliyoandikwa na Arthur Hopcraft kwa sehemu 8, na ile ya 2005, iliyoandikwa na Andrew Davies kwa sehemu 15. Ya pili, ukiacha sehemu yake ya kwanza iliyokuwa ya saa nzima, ilikwenda kwa vipande vya nusu saa. Anayenung'unika kwamba kitabu kitukufu kimekatwakatwa asisahau kuwa wasomaji wa kwanza wa Dickens nao walikipokea kwa vipande, wakakaa mwezi mzima wakingoja kipande kingine.

Katika tamthilia ya 2005 yumo karani wa wakili Tulkinghorn aitwaye Clamb. Mtu huyu hayumo kitabuni, Davies amemzua. Mhakiki mwenye mizani ya tafsiri atamhukumu mara moja. Lakini Tulkinghorn wa riwaya ni hazina ya siri za watu, na nguvu yake yote imo katika kunyamaza. Kitabuni hatupati taabu, kwa kuwa msimulizi yupo kutuonyesha lililofichwa nyuma ya kimya hicho. Televisheni humwona mtu kwa nje tu. Mtu anayenyamaza siku zote huwa ni koti jeusi linalopita. Akipewa wa kumwamuru na kumkaripia, nia yake hujulikana. Clamb, basi, ni irabu ya "kilabu". Ametiwa kwa sababu neno lisingetamkika bila yeye.

Hatuwezi kusema hivyo juu ya kila kitu. Tamthilia hiyo hiyo hupenda kurukia majumba na nyuso kwa ghafla, kamera ikisukumwa mbele pamoja na mvumo wa sauti, kila inapobadili mahali. Hakuna sheria ya televisheni iliyodai mvumo ule. Ni pambo la mtengenezaji, nasi tulichoshwa nalo mapema.

Lililo zito zaidi ni lile lililopotea. Riwaya hii ina wasimulizi wawili: Esther Summerson, anayesimulia mambo yaliyopita, na msimulizi asiye na jina, anayesema kwa wakati uliopo kana kwamba kila jambo linatendeka mbele yetu. Anapokufa Jo, mtoto fukara mfagiaji wa njia panda, msimulizi huyo huacha hadithi na kuwageukia Malkia, wakuu wa nchi na watu wa dini, akawapelekea habari ya kifo kama mtu apelekaye hati ya mashtaka. Katika tamthilia ya 2005 kifo cha Jo kipo, na kimeigizwa vizuri, lakini sauti ile haipo. Mtazamaji humlilia mtoto mmoja. Msomaji hujikuta anashtakiwa pamoja na taifa zima. Je, televisheni haina uwezo wa kubeba sauti ya msimulizi? Inao. Mwaka 1981 kampuni ya Granada ilitoa Brideshead Revisited, riwaya ya Evelyn Waugh, kwa sehemu 11, na sauti ya msimulizi imetumika humo kwa wingi. Basi hapa hakuna sheria iliyomlazimisha Davies. Alichagua, na kwa maoni yetu alichagua vibaya, ingawa kazi yake kwa jumla twaiheshimu.

Walimu wetu wanalo jambo la karibu zaidi. Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999 ambayo imepata kusomwa na wanafunzi wa kidato cha 5 na cha 6, ilitoholewa na Amil Shivji kuwa filamu mwaka 2021. Mwanafunzi aliyetazama filamu bila kusoma kitabu, kisha akajibu swali la mtihani juu ya usimulizi wa Shafi, anajibu kuhusu kazi ya mtu mwingine. Mwalimu akimwambia kuwa filamu ni tafsiri ya kitabu, amempa ruhusa ya kufanya hivyo.

Na kwa wafasiri: anayetafsiri maandishi ya chini ya picha katika tamthilia ya namna hii anatafsiri tamthilia, wala si riwaya. Asimtie mwigizaji kinywani maneno ambayo ameyapenda kitabuni na ambayo mtohozi ameyaacha. Pale tu ambapo jina la cheo, la mahakama au la mahali limekwisha kupata Kiswahili chake katika tafsiri ya riwaya iliyochapishwa, ndipo atakapolifuata hilo, ili mtazamaji na msomaji wasipewe majina mawili ya kitu kimoja.