Mwajuma Hakuuliza Kadi

Wengi wetu tuliopita kidato cha tano na sita tulikutana na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kwa ajili ya mtihani. Tulikariri dhamira: ukombozi, mapenzi, ndoa ya kulazimishwa. Tukapata alama zetu, tukafunga kitabu. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1999, na mwaka 2021 Amil Shivji akaitolea filamu. Mimi nimeirudia kwa swali ambalo mtihani hauulizi: jirani ana kazi gani wakati watu wamegawanyika?

Kisa chenyewe mnakijua. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri mbali sana. Anamkimbia. Mjomba wake anamfungia mlango, maana ameutia ukoo aibu. Anayemfungulia ni Mwajuma, mwanamke maskini, asiye wa kabila lake. Vitini vya mitaani humwita Mwajuma "rafiki wa kweli", basi, wanaruka kwenda swali la pili. Huko ni kumpunja.

Hebu mtazame vizuri. Denge, kijana wa siasa, anataka kuikomboa nchi nzima, na anastahili heshima yake. Mwajuma anamkomboa mtu mmoja aliye mlangoni kwake. Hatoi hotuba wala hadai kwanza Yasmin aeleze nani alikosa. Anagawana kidogo alichonacho, na kwa kufanya hivyo anajitia katika ugomvi wa watu wenye pesa kuliko yeye. Kwa maoni yangu hapo ndipo Shafi alipofaulu kuliko penginepo pote. Ametuonyesha kwamba wema una gharama, na anayelipa mara nyingi ni yule asiye na akiba.

Lakini nina dai langu kwa mwandishi. Unguja ya miaka ile haikuwa na ugomvi mmoja tu. Hizbu ilianza mwaka 1955, Afro-Shirazi ikaundwa mwaka 1957, na Julai mwaka huohuo ukafanyika uchaguzi. Wazanzibari wanauita wakati ule Zama za Siasa. Watu waligomeana maduka, wakasusiana hata maziko. Machafuko ya Juni 1961 yaliua watu 68. Katika riwaya, uzito wote uko kwa mkoloni na polisi wake. Mpasuko wa jirani kwa jirani kwa sababu ya chama haukuwekwa kati. Naelewa kwa nini. Mkoloni ni adui mwepesi kwa mwandishi: katoka mbali, na mwisho anaondoka. Adui mgumu kumwandika ni yule uliyekwenda kumwomba moto jana jioni, na kesho utamkuta kisimani.

Mpasuko ule haukuishia vitabuni. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 na uchaguzi wa 1995 ukapita, Pemba na Unguja watu walianza tena kususiana misiba na maduka. Januari 2001 waandamanaji waliuawa, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Karume na Maalim Seif wakakaa pamoja Novemba 2009, na kura ya maoni ya Julai 2010 ikakubali serikali ya umoja kwa asilimia 66.4. Wengi wakapumua. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ukafutwa, ukarudiwa Machi 2016, na kususiana kukarudi Pemba. Tunaona hapa kwamba wakubwa wanaweza kupeana mikono mbele ya kamera, lakini kazi ya kwenda kumpa pole mfiwa wa chama kingine inabaki kwa mama wa nyumba ya pili.

Sasa, mtu wa Masumbwe mambo ya Pemba yanamhusu nini? Yanamhusu sana. Mji wetu ni wa watu wa kila mahali: Wasumbwa wenyewe, Wasukuma, Waha, Wahaya, na wengine walioletwa na dhahabu. Tumeshakuwa Shinyanga, tukahamishiwa Geita mwaka 2012, na bado majirani ni walewale. Uchaguzi ukikaribia, kijiwe kimoja cha kahawa kinagawanyika kuwa viwili. Lakini duara likititia na watu wako chini, hakuna anayeuliza kadi kabla ya kushika sepetu. Swali la mwandishi ni hili: kwa nini wema huo unatushinda juu ya ardhi, mchana kweupe, wakati hakuna aliyefukiwa?

Nasema haya kwa sababu miswada ya vijana wenzangu ninayoisoma ina magonjwa mawili. Katika mmoja, jirani wa chama kingine ni shetani mtupu, hata watoto wake wana macho mabaya. Katika mwingine, wote wanakumbatiana ukurasa wa mwisho chini ya mwembe, eti amani imerudi. Yote mawili ni uongo, washkaji. Mhusika bapa ni bapa tu, awe mbaya au mwema.

Tumwandike muuza duka anayempimia sukari jirani aliyesusiwa, huku akichungulia njiani asionekane. Tumwandike anayekwenda mazikoni akasimama pembeni kabisa, hasalimiwi, lakini hatoki mpaka kaburi lifukiwe. Tuwape hofu, tuwape na maneno ya kejeli kutoka kwa watu wao wenyewe. Wala tusiwalazimishe kubadili chama ndipo wawe wema. Mwajuma ametufungulia mlango mmoja. Mlango wa yule anayepiga kura tofauti na sisi haujafunguliwa sawasawa katika riwaya yetu, na kazi hiyo ni ya kizazi hiki chenye kalamu mkononi.