Ogden na mkia wa kitenzi

Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa Kiingereza kilichopunguzwa hadi maneno 850, akakiita Basic English. Ufundi wake uko kwenye vitenzi: katika maneno yote hayo, vitenzi ni 18 tu. Come, go, get, give, put, take na wenzao wachache.

Aliwezaje? Alivifunga vitenzi hivyo vifupi kwenye vijineno kama in, on, out, off na up. Badala ya enter, sema go in. Badala ya continue, go on. Extinguish nayo ikapisha put out. Karatasini hesabu inapendeza, ila put imehesabiwa mara moja tu. Put out ni kuzima moto, put off ni kuahirisha, put on ni kuvaa, na put up with ni kuvumilia. Ukijua put, ukajua up, ukajua na with, kuvumilia bado hukujui. Maneno 850 yaliingia mlangoni yakihesabiwa. Mengine mengi yakapitia dirishani.

Samuel Johnson alikwishaonya katika dibaji ya kamusi yake ya 1755 kwamba vitenzi vinavyofuatwa na vijineno ndivyo vinavyowatatiza wageni kuliko mambo mengine. (Jina la vitenzi hivyo, phrasal verb, lilikuja kuchapishwa na Logan Pearsall Smith mwaka 1925.)

Kwetu tatizo lina sura yake. Sikiliza Kiingereza cha Nairobi: "pick me at the stage", "fill the form". Up na in zimedondoka. Mwalimu anazirudisha kwa wino mwekundu, wiki ijayo zimedondoka tena. Sioni uvivu hapo. Anayefikiri "nichukue" au "jaza" ameshamaliza kusema. Kijineno anakiona kama chenji iliyozidi.

Lakini kazi ya kijineno tunaifanya kila siku, tena ndani ya kitenzi chenyewe, mkiani. Enda ikirefushwa huwa endelea, na go on ni hiyo hiyo. Shika, shikilia: hold on. Fuata, fuatilia: follow up. Tupa, tupilia mbali: throw away. Kiingereza kimeuacha mkia nje, umesimama peke yake kama neno.

Ndiyo maana orodha za madaftarini, zinazopangwa kwa kitenzi, get hii na get ile hadi ukurasa unaisha, naziona zimeshika kichwa badala ya mkia. Panga kwa kijineno. Ipo up ya kumaliza kabisa: drink up, eat up, use up. Ipo on ya kutokatiza: go on, carry on, keep on. Ipo off ya kutenganisha: cut off, break off, take off, jirani kabisa na vua na bandua zetu. Ukishaisikia maana ya mkia, kitenzi kipya hakikutishi sana.

Mazoezi nayo yaanze na kiwakilishi. Usikariri "turn off". Kariri "turn it off". Waweza kusema turn off the light au turn the light off, lakini turn off it haisemwi. Katika "nitaizima" sisi huichomeka i katikati ya kitenzi, kwa hiyo kitu kilichobanwa katikati si kigeni kwetu: pick me up, fill it in, put it off. Sema kwa sauti, uzito uuangushie kijineno. Katika look at me hali ni tofauti: at humezwa, na me haiwezi kuitangulia. Sikio hutofautisha makundi haya mawili mapema kuliko kanuni ya kitabuni.

Zipo zisizochanguka hata kwa kisu. Give up, kukata tamaa, haina cha kutoa wala cha kupanda. Hapo namkumbuka mgeni anayejifunza Kiswahili akaambiwa piga ni kutia kofi au fimbo, kisha anakutana na piga pasi, piga mswaki, piga magoti, piga chafya. Hakuna anayemfafanulia. Piga deki anaielewa siku anayokabidhiwa ndoo na tambara.