Katesh na Mbulu kwa baiskeli: mji mgeni husomwa mizigo ikiwa gesti

Msafiri wa baiskeli wa masafa marefu huingia mji mgeni katika hali isiyomfaa kabisa: jioni, kachoka, kwa barabara kuu, na mifuko imejaa mbele na nyuma. Akitoka Babati kuelekea Singida, lami humpitisha Dareda na Endasak, mlima Hanang ukiwa upande wake wa kulia, kisha humfikisha Katesh penye stendi, gesti na vibanda vya chipsi. Akilala na kuondoka alfajiri, alichokiona ni barabara tu. Msafara wa Tour d'Afrique, ulioanza mwaka 2003 na unaotoka Cairo hadi Cape Town kwa takriban miezi minne, hupita Tanzania kwa ratiba inayopimwa kwa kilomita za kila siku. Kazi hiyo inahitaji moyo na miguu, naiheshimu. Ila mji haujulikani kwa mwendo huo. Hujulikana siku ya mapumziko, kwa baiskeli ileile, ikiendeshwa kwa namna nyingine.

Kwanza, mizigo ibaki gesti. Mtu wa kilo 65, baiskeli ya kilo 15 na mifuko ya kilo 25 hufanya jumla ya kilo 105. Ukiiacha mifuko umepunguza karibu robo ya uzito, na kwenye mwinuko nguvu unayotumia hufuata uzito karibu sawia, jambo ambalo halitokei kwenye tambarare. Tena baiskeli yenye mifuko haigeuki kichochoroni wala haiachiki nje ya duka. Bila kutaka, hukurudisha kwenye lami kila mara.

Pili, anza kwa kupanda. Katesh umekaa kusini mwa mlima, kwenye mteremko unaoshukia barabara na tambarare, hivyo ramani yake ya kweli ni ya juu na chini. Saa moja asubuhi, miguu ikiwa na nguvu, elekea Jorodom, wanakoanzia wengi wanaokwenda kileleni, mita 3,417. Mtoka pwani asishangae kifua kikibana. Katesh na Mbulu yote iko juu ya mita 1,600, na hewa ya huko ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 ukilinganisha na ya Dar es Salaam.

Kwenye mwinuko huo utaona wenyeji wakisukuma baiskeli zao. Si uvivu. Phoenix ya gia moja yenye tairi za inchi 28 husogea kama mita tano kwa kila mzunguko wa pedeli, na hesabu hiyo ni nzuri tambarare, ila kwenye mlima ni adhabu. Baiskeli ya safari, ikiwa kwenye gia nyepesi kuliko zote, husogea chini ya mita mbili, kwa hiyo unaweza kuwapita wote ukiwa umeketi. Ushauri wangu ni kinyume chake: wanaposhuka, nawe shuka. Ukisukuma sambamba na mzee anayepeleka mahindi mashineni, shikamoo yako inapata marahaba, na nyuma ya marahaba yanafuata maswali, na ndani ya maswali hayo mna habari ambazo hakuna ramani ya simu inayozibeba. Shikamoo ya mtu anayepita kasi mara nyingi haingoji jibu.

Tatu, na hili ndilo kiini cha kuusoma Katesh: ukishafika juu, usiteremkie njia uliyopandia. Kata mteremko kwa ubavu, uvuke makorongo moja baada ya jingine. Aliye barabarani huona kalavati tu, anapita. Anayekata ubavu huona upana wa kila mkondo, ukubwa wa mawe yaliyolala ndani yake, na nyumba zilizo kati ya mkondo na mkondo. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlimani, yakafuata mikondo ya maji na kuingia Katesh, Gendabi na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Baadaye nyumba zaidi ya 100 zilijengwa huko Waret kwa waliopoteza makazi.

Tazama mpangilio wa vilivyoachwa na maji. Mawe makubwa hubaki juu, pale mteremko unapoanza kulegea. Mchanga huenda mbele zaidi. Udongo laini hufika chini kabisa. Mtu akikuuliza kwa nini watu wajenge chini ya mlima wa namna hii, tazama mashamba ya chini: rutuba yake imeletwa na maji hayohayo, kidogo kidogo, kwa miaka isiyohesabika. Nawaomba wasafiri wenzangu, hapo simu ikae mfukoni. Unaowapita wamezika ndugu zao.

Ukirejea mjini, pita kwa fundi baiskeli hata kama huna pancha. Fundi ndiye anayejua ni njia ipi ina miiba, ni daraja lipi limekatika, ni mnada upi uko karibu. Mtazame anavyofanya kazi: anajaza upepo kwenye tyubu, anaizamisha kipande kwa kipande kwenye karai la maji, povu linapochomoza anaweka alama, anakausha, anasugua kwa msasa mpaka mng'ao wa mpira uondoke, anapaka gundi na kusubiri. Kusubiri huko ndiko wengi tunakoruka, na ndiko kunakoshikisha kiraka. Kwake pia utajifunza jambo linalowakwamisha wageni wengi: tairi ya inchi 28 inayouzwa madukani kwa ajili ya Phoenix hukaa kwenye rimu ya milimita 635, ilhali baiskeli nyingi za safari zina rimu ya milimita 622. Jina linakaribiana, lakini tairi haikai. Mwenye rimu za inchi 26, zile za baiskeli za milimani, ana nafasi kubwa zaidi ya kupata tairi na tyubu katika miji hii.

Mbulu haukubali kanuni ya Katesh. Ukitokea Dareda unapanda kingo za Bonde la Ufa, unapita Dongobesh, na unapofika uko juu ya nyanda tayari, katika nchi ya matuta na mabonde ambayo sehemu zake huzidi mita 2,000. Hapo ukikata ubavu utachoka bure, kwa kuwa kila bonde unaloshuka una deni la kulipanda. Fuata migongo ya vilima. Ukiwa mgongoni unaona pande zote mbili jinsi Wairaqw walivyoushika udongo wao: matuta yaliyokata mteremko, samadi iliyorudishwa shambani, na vitunguu saumu vilivyoipa Mbulu jina sokoni. Zamani nyumba zao zilichimbiwa ubavuni mwa kilima ili zisionekane na wavamizi, na ni kutoka mgongoni tu ndipo unaelewa kwa nini mbinu hiyo ilifaa.

Siku ikibaki, kuna Basotu, magharibi ya Katesh. Barabara huko hunyooka na nyumba huwa chache, na jambo hilo lina historia. Ni nchi ya malisho ya Wabarabaig iliyogeuzwa mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, kwa msaada wa Kanada. Kijiji cha Mulbadaw kiliishtaki NAFCO mwaka 1981, na shauri likaenda hadi Mahakama ya Rufani, iliyoamua kwa upande wa shirika. Ukikuta ng'ombe wanaelekea mnadani, shuka, simama pembeni, usipige kengele.

Kabla ya kwenda, muulize fundi kama imenyesha. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hujaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma, na kusukuma nako kunashindikana. Ukiwa mkavu, ondoka saa kumi na mbili asubuhi na ubakize nguvu: upepo wa mashariki unaokusukuma kwenda utakuwa usoni wakati wa kurudi.